Barua Ikija kwa Kiingereza: Maneno ya Kukulinda Kazini

Ni Ijumaa, saa kumi jioni. Zamu inakaribia kwisha, na karani wa kituo cha kukusanyia majani chai anapewa bahasha. Ndani mna barua ya ukurasa mmoja kwa Kiingereza. Anaelewa jina lake, tarehe na maneno machache: "absent", "disciplinary", "show cause". Msimamizi anamtaka ajibu hapo hapo. Kwa hofu, na kwa adabu aliyolelewa nayo, anaandika sentensi moja: "I am sorry, it will not happen again." Anatia sahihi na kwenda nyumbani akidhani yameisha.

Hayajaisha. Siku mbili anazodaiwa kutoroka kazi alikuwa amempeleka mtoto hospitalini, na msimamizi huyo huyo ndiye aliyempa ruhusa kwa mdomo. Jambo hilo hakulitaja popote. Kilichobaki kwenye faili ni sentensi yake, na yeyote atakayeisoma baadaye anaweza kusema kwamba alikiri kosa.

Karani huyu ni wa mfano tu, lakini hali yake inajulikana na wengi wetu Nyeri, Karatina na Othaya, na hata kwa majirani zetu wa Nanyuki, Kerugoya na Embu. Kazini tunazungumza Gikuyu au Kiswahili. Ugomvi ukitokea, tunagombana kwa lugha hizo hizo. Lakini barua, kumbukumbu za mkutano na faili huandikwa kwa Kiingereza. Kwa hivyo mtu anaweza kuwa na haki na bado akaipoteza kwa sababu ya maneno machache aliyoyatumia vibaya, au aliyoogopa kuyasema. Makala haya yanaeleza maneno hayo, na sheria inayokupa nafasi ya kuyasema.

Una haki ya kuelewa

Tuanze na jambo ambalo wengi hawalijui. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinasema kwamba mwajiri anayefikiria kumfuta mtu kazi kwa utovu wa nidhamu, utendaji duni au kutojiweza kimwili, lazima kwanza amweleze sababu kwa lugha ambayo mfanyakazi huyo anaielewa. Mfanyakazi ana haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzake, au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi kazini hapo, amchague mwenyewe. Mwajiri pia anatakiwa kusikiliza na kuzingatia utetezi wao kabla ya kuamua.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imefanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kwa hivyo kuomba kuelezwa kwa Kiswahili si ujinga wala si dharau kwa mkubwa wako.

Sheria hiyo hiyo ina upande wa pili. Kifungu cha 44 kinataja makosa mazito yanayoweza kumfanya mtu afutwe bila notisi. Miongoni mwake ni kutumia lugha ya matusi au ya kudhalilisha kwa mwajiri au kwa mtu aliyewekwa kukusimamia. Mtu anaweza kuanza na malalamiko ya haki kuhusu mshahara uliokatwa, akapandwa na hasira, akamaliza siku akiwa yeye ndiye mshtakiwa. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Maneno matatu yanayotuponza

La kwanza ni "sorry". Sisi hulitumia kama "pole". Mwenzako akijikwaa ngazini unamwambia "sorry", ingawa si wewe uliyemsukuma. "Pole" humpa mtu huruma bila kukutia hatiani. Lakini kwenye barua ya nidhamu, "I am sorry for what happened" inaweza kusomwa kama kukiri. Ikiwa kweli ulikosea, kiri kosa hilo peke yake. Ikiwa hukukosea lakini unasikitika kwamba mteja aliumia au kazi ilichelewa, sema: "I regret that the customer was inconvenienced. I would like to explain what happened." Hapo umeonyesha utu, na bado hujajitwika mzigo usio wako.

La pili ni "okay". Mkubwa anapozungumza, sisi huitikia "sawa, sawa" kuonyesha kwamba tunamsikiliza. Katika kumbukumbu za mkutano, "okay" hiyo inaweza kuandikwa kuwa umekubali. Badala yake sema "I have heard you", nimekusikia. Kama hujakubali, ongeza: "I have not agreed yet. I need time to think about it."

La tatu ni "must". Kwa Kiswahili mtu anaweza kusema "lazima nipate likizo yangu" na sauti yake ikabeba unyenyekevu. Kwa Kiingereza, "You must give me my leave" ni amri. Sema "I am requesting my leave from Monday", naomba likizo yangu kuanzia Jumatatu. Jihadhari pia na "with due respect". Inasikika kama heshima, lakini mara nyingi hutangulia neno lisilo na heshima, na anayeisikia hujiandaa kwa vita.

Misemo ya kushika kichwani

Misemo ifuatayo ni mifupi kwa makusudi. Mtu mwenye hofu hawezi kukumbuka hotuba.

*Ukiitwa ghafla ofisini.* Uliza: "May I know what the meeting is about, so that I can prepare?" Maana yake ni kwamba unataka kujua mkutano unahusu nini ili ujiandae. Kama ni mkutano wa nidhamu, ongeza: "I would like to come with a colleague." Hiyo ndiyo haki ya kifungu cha 41, na huna haja ya kukitaja kwa ukali.

*Usipoelewa.* Sema: "Please explain this to me in Kiswahili. I want to understand it fully before I answer." Sentensi ya pili ndiyo yenye nguvu, kwa sababu inaonyesha kwamba hukatai kujibu bali unataka kujibu sawasawa.

*Ukipewa barua ya kujieleza.* "Show cause" si hukumu. Maana yake ni kwamba unatakiwa kueleza kwa nini usichukuliwe hatua, kwa hivyo uamuzi bado haujafanywa na jibu lako lina uzito. Tazama siku ya mwisho ya kujibu. Ikiwa muda ni mfupi mno, andika: "I have received the letter. I request to reply in writing by Thursday." Ukitakiwa kutia sahihi, andika juu ya sahihi yako: "Received. This does not mean that I agree with the contents." Yaani umeipokea, lakini kuipokea si kukubali yaliyomo. Andika tarehe na uombe nakala. Kukataa kuipokea kabisa hakukusaidii, maana utaonekana mkaidi na hutajua umeshtakiwa nini.

*Usipokubaliana na mtu.* Badala ya "You are lying", sema: "I remember it differently. May I explain?" Mimi nakumbuka vingine, je, naweza kueleza? Neno "mwongo" hufunga mazungumzo, na linaweza kuhesabiwa kuwa tusi.

*Ukilalamika.* Taja tukio, usitaje tabia ya mtu. "You never tell us anything" ni shutuma isiyo na tarehe, na bosi atajibu kwa shutuma nyingine. "The roster changed on Monday and I was not told" ni jambo linaloweza kuchunguzwa. Kisha sema unachotaka: "I am asking for notice the day before." Ratiba ilibadilishwa Jumatatu bila mimi kuambiwa, naomba tuwe tukiarifiwa siku moja kabla.

*Ukiwa na kosa kidogo na shutuma kubwa.* Tenganisha. "I was late on Tuesday. I take responsibility for that. I did not refuse to work on Friday." Kukiri kilicho cha kweli huwafanya watu waamini unapokana kisicho cha kweli.

*Sauti zikipanda.* Sema polepole: "I want to listen to you, but not like this. Can we sit down at two?" Kupanga saa kunaonyesha kwamba hukimbii. Kumbuka tu kwamba "two" hiyo ni saa nane mchana.

*Ukisumbuliwa.* Hapa hakuna haja ya kupamba maneno: "Stop. Do not speak to me like that." Au: "Stop. Do not touch me." Andika siku, saa, mahali na aliyekuwepo. Kifungu cha 6 cha Sheria ya Ajira kinakataza unyanyasaji wa kingono kazini, na mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa kuwa na sera ya maandishi kuhusu jambo hilo. Iombe. Ikiwa kosa ni la jinai, nenda polisi pia.

*Mkitoka mkutanoni.* "Let me confirm what we have agreed." Rudia makubaliano kwa mdomo, kisha uyatume kwa ujumbe wa simu au barua pepe siku hiyo hiyo. Karani wetu wa majani chai angekuwa na ujumbe mmoja tu, "Thank you for allowing me to take my child to hospital today and tomorrow", barua ya Ijumaa huenda isingeandikwa kabisa.

Kwa wasimamizi na waajiri wadogo

Mwenye hoteli ya watu sita, duka la dawa au karakana naye ni mwajiri, na kifungu cha 41 kinamhusu. Mfanyakazi aliyefutwa bila kuelezwa na bila kusikilizwa anaweza kushinda kesi hata kama kosa alilifanya, kwa sababu utaratibu haukufuatwa. Mahakama inaweza kuamuru alipwe fidia ya hadi mshahara wa miezi 12.

Kwa hivyo anza kwa kuuliza. "Why did you do this?" humfanya mtu ajitetee kabla hujamaliza. "Help me understand what happened" humfanya asimulie. Ukimwita mtu kwenye kikao, mwambie shutuma, siku na saa, na kwamba anaweza kuja na mwenzake. Ukiandika barua kwa Kiingereza, isome naye kwa lugha anayoielewa, na kwenye kumbukumbu uandike kwamba ulifanya hivyo. Dakika kumi za kueleza ni nafuu kuliko miaka miwili ya kesi.

Mazungumzo yakishindikana

Anza na njia za ndani: msimamizi, afisa wa rasilimali watu, au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Zisipofaa, nenda kwa afisa wa leba. Masuala ya leba yako chini ya Serikali ya Kitaifa, kwa hivyo serikali ya kaunti haiwezi kuamua kesi yako dhidi ya mwajiri binafsi. Mtu aliyefutwa kazi isivyo haki anatakiwa kupeleka lalamiko kwa afisa wa leba ndani ya miezi mitatu tangu siku aliyofutwa. Huhitaji wakili kufanya hivyo.

Nyeri ina kituo cha Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Tangu mwaka 2018, mahakimu waliopewa mamlaka hayo pia husikiliza kesi za wafanyakazi ambao mshahara wao hauzidi Sh80,000 kwa mwezi. Kwa kawaida kesi ya kufutwa kazi hufunguliwa ndani ya miaka mitatu, lakini usingoje. Mashahidi huhama na simu zenye ujumbe hupotea.

Mtumishi wa umma wa kaunti asiyeridhika na uamuzi wa kinidhamu anaweza kukata rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma chini ya kifungu cha 77 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012. Muda wake ni siku 90, na rufaa huwa ya maandishi.

Usiogope kwamba kulalamika ni kosa. Kifungu cha 46 kinasema kupeleka lalamiko dhidi ya mwajiri si sababu halali ya kumfuta mtu kazi, isipokuwa ikionekana kwamba lalamiko halina msingi.

Tunaomba ukate ukurasa huu uuweke palipo na kitambulisho na hati zako za kazi. Wasomee vijana walio nyumbani wanaojiandaa kuanza kazi. Na kama utakumbuka sentensi moja tu, iwe hii: "I want to understand it fully before I answer." Isemee kwa utulivu, kisha nyamaza usubiri uelezwe.