Mfumo wa Hospitali Usiletwe Mtupu

Hospitali nyingine inasakinisha OpenMRS, programu ya kumbukumbu za wagonjwa, na swali limenifika lilelile: kamusi ya dhana, yaani orodha ya mambo ambayo mfumo unaweza kurekodi, tuanze nayo tupu au iliyojazwa? Kabla sijajibu, muulizaji ameshaamua. Tupu, anasema, kwa kuwa kila hospitali ina mambo yake, na wakati wa ripoti tutaoanisha na ICD-10, orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa.

Huko kuoanisha baadaye ndiko kunakonichosha, maana watu wanakuamini kama dawa ya kila kitu.

Nimefungua kamusi ya kituo kilichoanza hivyo. Nilikuta "Malaria", "Maleria", "Malaria +", "Homa ya malaria" na "BS positive", kila moja imeongezwa na aliyekuwa zamu akiwa na foleni mlangoni. Sasa oanisha. ICD-10 ina B50 kwa malaria ya falciparum, na B54 kwa malaria iliyotambuliwa kwa dalili tu bila kuonekana vimelea. "Malaria" ya kituo hiki iende wapi? Hakuna ajuaye. Kipimo hakikuulizwa, kwa hiyo jibu halimo kwenye kanzidata, na hakuna fundi atakayelitoa humo. Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani linataka kila anayeshukiwa apimwe kabla ya kupewa dawa. Kituo hiki hakiwezi kuonyesha kama kinafanya hivyo.

Sukari ni mbaya zaidi. Dhana iliitwa "Sukari", ya namba, bila kipimo, na mashine za kupimia zilikuwa mbili: moja husoma milimoli kwa lita, nyingine miligramu kwa desilita. Saba kwa ya kwanza ni 126 kwa ya pili. Sasa daktari anasoma 30. Kama ni milimoli, sukari imepanda mno na mgonjwa anahitaji insulini. Kama ni miligramu, imeshuka mno na anahitaji glukosi sasa hivi. Akikisia vibaya, anaua. ICD-10 itamsaidia nini hapo? Haina mahali pa kuweka kiasi cha sukari, wala uzito, wala tarehe ya hedhi ya mwisho. Ilitengenezwa kuainisha magonjwa na sababu za vifo ili zihesabike, na kazi hiyo inaifanya vizuri. Kuigeuza dawa ya kumbukumbu zilizoandikwa ovyo ni kujidanganya, na anayelipia ni mgonjwa.

Na hoja ya "kila hospitali ina mambo yake"? Ina ukweli kidogo sana. Presha, uzito na ujauzito ni vilevile Kigoma na Kisumu. Vitabu vya MTUHA, vya kumbukumbu za afya vituoni Tanzania, huja na safu zimeshachapwa, na sijasikia muuguzi akidai apewe daftari tupu achore za kwake.

OpenMRS ilianza 2004 kwa ushirikiano wa wataalamu wa Taasisi ya Regenstrief, Indiana, na mradi wa AMPATH wa Eldoret. Kiini chake kiliachwa bila dhana makusudi, ili kibebe ugonjwa wowote. Kwa waandaaji wa programu huo ulikuwa uamuzi sahihi. Kwa hospitali ya wilaya isiyo na tabibu anayejua kamusi hizi, ni mzigo usio wake. Msimamo wangu ni kwamba mfumo uje umejazwa, ila dhana ziwe kifurushi cha peke yake, chenye matoleo yake, kisichochomelewa ndani ya programu.

La kufanya, basi. Chukueni CIEL, kamusi iliyokuzwa Chuo Kikuu cha Columbia na inayotumiwa na KenyaEMR, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa wa Kenya; inapatikana kupitia Open Concept Lab, hifadhi ya kamusi za dhana mtandaoni. Humo uzito ni dhana 5089, kwa kilo, na kazi hiyo imekwisha. Msichohitaji kiacheni, msikifute. Maana ya dhana iliyopo msiiguse. Kiswahili kiongezeni kama jina jingine la dhana hiyohiyo. Mkiunda yenu, ioanisheni siku hiyohiyo, na muandike kama ni sawa kabisa au finyu zaidi. Ruhusa ya kuunda iwe kwa watu wawili, mmoja tabibu. Mlioanza tupu, wekeni tarehe ya kuhamia, na data ya nyuma ibaki ya kusomwa tu, bila kukisiwa. Zile namba za sukari zisizo na kipimo ziondoeni kwenye ukurasa wa daktari leo.