Selimundu Haitoki kwa Mama Peke Yake

Ndugu wanakikundi, kando ya Ziwa Victoria na kule Pwani wapo watoto wengi wenye selimundu, ugonjwa wa damu unaoleta maumivu ya mifupa. Mara nyingi lawama humwangukia mama, au watu husema mtoto karogwa. Sivyo.

Ugonjwa huu hurithiwa kwa wazazi wote wawili. Mwenye chembe moja ya urithi ya selimundu huwa mzima, tena hukingwa kiasi na malaria kali. Mwenye mbili ndiye huugua.

Jaribuni hivi mkutanoni. Baba ashike punje mbili za mahindi, nyeupe na nyekundu, mama vilevile. Kila mmoja atoe moja bila kutazama. Zikitoka nyekundu mbili, mtoto ni mgonjwa. Bahati hiyo ni 1 kwa 4. Mimba nyingine ikija, punje hurudishwa, mnaanza upya.

Basi wachumba wapimwe damu mapema. Mtoto mgonjwa anywe maji mengi, na akishikwa na homa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Na mama asifukuzwe: punje moja ilitoka kwa baba.