Jani la mti mmoja, sashe moja: namna labo inavyochambua virusi vya mihogo



Siku moja nilifanya kosa. Tulitaka kujua ni shamba gani linaweza kutoa vijiti vya kupanda. Nikakusanya majani ya mihogo mu mashamba matatu, nikayaweka yote ndani ya sashe moja, nikatuma kwenye labo. Jibu likarudi: kuna virusi viwili vya mozaiki. Lakini vimetoka shamba gani? Hakuna aliyeweza kusema. Tukakataa vijiti vya mashamba yote matatu. Baba mmoja aliyechunga shamba lake vizuri akapoteza msimu wa kuuza vijiti. Kosa lilikuwa langu, si la labo.

Njo maana leo naeleza kazi ya labo.

Mashini inasoma ADN vipande vipande, maelfu na maelfu, kwa herufi nne: A, C, G na T. Vipande vya muhogo na vya virusi vinatoka vimechanganyika, sawa na maharagi ya rangi zote ndani ya gunia moja. Kisha programu ya ordinatere inachambua. Inachukua kipande kirefu, kinakuwa kichwa cha fungu. Kipande kingine kikifanana nacho vya kutosha, kinaingia fungu hilo. Kama hakifanani, kinaanza fungu lake.

"Vya kutosha" njo penye matata. Mashini inakosea herufi mara na mara. Ukidai vipande vifanane 100 kwa 100, virusi vya namna moja vitagawanyika mafungu mengi. Ukilegeza sana, virusi viwili vitaingia fungu moja, na hutajua kama mti una yote mawili. Kwa virusi vya mozaiki, wataalamu wamekubaliana hivi: sehemu A ya ADN yao, yenye herufi karibu 2.800, ikifanana chini ya 91 kwa 100, ni virusi tofauti.

Inatuhusu namna gani? Mu miaka ya 1990, mozaiki iliharibu mihogo vibaya kule Uganda. Waliposoma ADN, walikuta virusi vya mozaiki vya Afrika Mashariki vilivyobeba kipande cha virusi vingine vya mozaiki. Mti wenye virusi vyote viwili ulikuwa unaumwa zaidi. Virusi hivyo vilifika Congo pia. Mwenye kuangalia kipande kile peke yake angetaja virusi visivyo. Kwa hiyo labo inaunganisha vipande vya kila fungu mpaka ADN nzima ionekane.

Programu inaweza kutenga virusi. Mashamba yaliyochanganywa ndani ya sashe, haiwezi. Basi:

– Majani machanga ya mti mmoja, sashe moja.
– Andika shamba, aina ya muhogo na tarehe.
– Chukua pia majani ya mti unaoonekana mzima: virusi vinaweza kuwamo bila alama.

Wakati munangoja jibu, musikate vijiti kwenye mti wenye mozaiki, hata kama jirani anaomba.