Dawa za Mafua Mjini Kolwezi na Hesabu ya Parasetamoli

Ufikapo mwezi wa Juni, mvua zikiwa zimekwisha katika nyanda za Lualaba na baridi ya usiku imeungana na vumbi linalotimuliwa na malori ya madini, mafua huenea Kolwezi hata ni nadra kupata nyumba isiyo na mtu anayekohoa. Na kwa kuwa homa ya mafua na homa ya malaria hufanana mwanzoni, mgonjwa aghalabu huzitibu zote mbili kwa pamoja bila kupimwa damu, akanunua vidonge vya malaria, parasetamoli ya kutuliza maumivu, na juu yake dawa ya mafua.

Hiyo ya mwisho ndiyo yenye mambo. Kidonge kimoja cha mafua kwa kawaida hukusanya parasetamoli ya kushusha homa, klorofenamini ya kukausha kamasi, na pseudoefedrini au fenilefrini ya kuzibua pua, kwa hiyo mnunuzi anayedhani amepata dawa ya pua amenunua parasetamoli mara ya pili. Na tuhesabu: vidonge viwili vya miligramu 500, mara nne kwa siku, ni gramu 4, nao ndio ukomo wa mtu mzima mwenye siha; akiongeza vidonge viwili vya mafua mara tatu, kila kimoja kikiwa na miligramu 500, amefika gramu 7 ilhali anaona amefuata maelezo ya kila sanduku. Jina pia humpoteza, maana sanduku la Kifaransa huandika paracétamol na la Kimarekani huandika acetaminophen, nayo ni dawa ile ile.

Ini hugeuza sehemu ndogo ya parasetamoli kuwa sumu, kisha huizima kwa akiba yake ya kinga. Akiba ikiisha, sumu hiyo huliharibu ini lenyewe. Hila yake ni kwamba siku ya kwanza mtu huhisi kichefuchefu tu, au hahisi kitu, na umanjano wa macho hutokea siku kadhaa baadaye. Walevi wa lutuku, waliokonda kwa njaa, na wanaotumia isoniazidi kwa kifua kikuu wamo katika hatari zaidi, wala si wachache katika mji wa wachimbaji ambao vumbi la mawe huwafungulia kifua kikuu mlango.

Pseudoefedrini hubana mishipa ya damu. Shirika la Dawa la Ulaya lilipendekeza mwaka 2023 asipewe mwenye shinikizo la damu kali au lisilodhibitiwa, na anayetibiwa kifua kikuu sugu kwa linezolidi huweza kupandishwa shinikizo nayo ghafla. Fenilefrini ya kumeza, kwa upande wake, ilihukumiwa mwaka huo huo na baraza la wataalamu Marekani kuwa haizibui pua kuliko kidonge kitupu, basi wengi huinunua bure. Klorofenamini huleta usingizi, na dereva wa lori aendaye Likasi akiichanganya na pombe asishike usukani.

Nendeni duka la dawa na masanduku yote mliyo nayo nyumbani, mkaulize lipi lina parasetamoli. Na aliyekwisha kupita kipimo asingoje macho yawe manjano, bali aende hospitali siku hiyo hiyo, maana dawa ya kuokoa ini, asetilisisteini, hufaa zaidi ikianza mapema, na kwa aliyemeza vidonge vingi kwa mara moja, kabla ya muda wa saa 8 kupita.