Ukuta, mwanga na rangi mu nyumba ya mutu wa mugodi

Ndugu wa kazi, na ninyi mama zetu munaotungoja ku nyumba, leo hatutaongea juu ya mshahara. Ama tuseme tutaongea juu yake kwa njia ya pembeni.

Mwezi uliopita, siku ya Mungu, tulienda watu ine wa sendika kusalimia mwenzetu mumoja ku Katuba. Kazi yake ilikuwa imeisha, dekonti ameipata, na tulikuwa tumesikia ya kama ametengeneza nyumba muzuri sana. Tulifika saa saba ya muchana, jua kali inje. Tulipoingia mu saloni, hatukuona hata viti. Ukuta ulikuwa mwekundu wa giza, plafoni ya plastiki yenye maua, rido mbili nzito moja juu ya ingine, na divani kubwa nyeusi imeziba nusu ya dirisha. Kandokando ya plafoni kulikuwa taa za kila rangi, lakini umeme ulikuwa umekatika tangu asubui. Mama wa nyumba aliwasha tochi ya telefone ili atafute bilauri za kutupatia maji.

Mumoja wetu akasema: “Yaya, miaka makumi mbili ulikuwa chini ya bulongo. Sasa umetoka, na umejijengea shimo ingine juu.” Tulicheka wote, naye alicheka. Kisha akatuambia ile plafoni ilikula feza ngapi. Ilikuwa feza ya masomo ya watoto watatu, mwaka muzima. Hapo hatukucheka tena.

Juu ya ile njo tunaandika. Watu wengi mu kazi yetu wanazani kupanga nyumba ndani ni mambo ya wakubwa wa Golf, ama ni mambo ya wanawake tu. Sisi tunaona hapana. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inatia nyumba, ama feza ya nyumba, pembeni ya mshahara: haihesabiwe ndani yake. Kumbe nyumba ni kitu yenye inaombewa na inajadiliwa peke yake. Na nyumba haiko malata na mulango tu. Mutu anapumuzika ndani yake, analala ndani yake, watoto wanasoma ndani yake.

Wazee wetu hawakuchagua. Union Minière, ile iliyoanzishwa 1906, ilipoona karibu na mwisho wa miaka ya 1920 ya kama ni afazali kuwa na wafanyakazi wenye bibi na watoto, ilijenga kambi za matofari, nyumba zote sawasawa, mistari kwa mistari. Kampuni njo ilipanga ukubwa wa chumba, kampuni njo ilipanga dirisha. Hata bamama waliitwa ku foyer sosiale kufundishwa kushona, kupika na kutunza nyumba. Kampuni ilikuwa baba na mama, kama wazee wanavyosema, na baba ule alikuwa anaingia mpaka mu chumba cha kulala. Gécamines ikachukua nafasi yake mu 1967, na desturi ikabakia. Kisha mu 2003, watu zaidi ya elfu kumi wakaondolewa ku kazi na ile wanayoitaka “kuondoka kwa mapenzi”, feza ikatoka ku Banki ya Dunia. Wengi wakajikuta kwa mara ya kwanza na ukuta wao wenyewe, bila mutu wa kuwaambia rangi gani ya kupaka. Hakuna aliyewafundisha.

Tuanze na mwanga, juu ule haulipishwe. Ukuta mweupe, ama wa rangi ya maziwa, unarudisha karibu mwanga wote unaoingia. Ukuta wa giza unaumeza. Mu nyumba ndogo yenye dirisha moja, kupaka chokaa ku kuta zote na ku plafoni kunaweza kuzidi kuongeza taa mbili. Mu jikoni yenye haina dirisha, lata moja ya plastiki yenye kupitisha mwanga, katikati ya malata ingine, inatosha. Usitie mbili, joto itakufukuza. Na divani isizibe dirisha, hata kama ni nzuri namna gani. Shaba yetu njo inabeba umeme mu nyumba za dunia muzima, lakini sisi hapa tunapanga usiku wetu kufuatana na delestaji. Basi jua, tulitumie.

Lakini kuko jambo moja la mutu wa mugodi, na hatujaliona mu gazeti yoyote ya mapambo. Sisi tunafanya poste. Mutu akitoka ku poste ya usiku, anafika ku nyumba saa moja ya asubui, na analala wakati watoto wanacheza. Mwili haulale muzuri mu mwanga. Ndiyo maana tunasema: giza yote ile mwenzetu aliyoitia mu saloni, aihamishe mu chumba cha kulala. Rido nzito, kitambaa ya giza nyuma yake, rangi ya buluu ama ya majani yenye imetulia ku ukuta. Hapo giza iko dawa. Dereva wa kamioni kubwa mwenye hajalala, sisi wote tunajua anamalizia wapi.

Na taa pia zina tofauti. Angalia namba yenye iko ku karatasi ya ampuli. Ile ya 6500 inatoa mwanga mweupe wa baridi: inafaa mutoto anaposoma. Ile ya 2700 ama 3000 ni ya manjano, inatuliza. Mutu anayengoja usingizi asikae chini ya ile nyeupe.

Sasa tufike ku vumbi, na hapa hatuchezi.

Mu 2009, waganga na wafundi wa Université de Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitoa matokeo ya mukojo waliyopima ku watu wa Katanga. Wale wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha mawe walikuwa na kobalti na metali ingine nyingi sana mu mwili. Hawakuwa wafanyakazi tu: walikuwa watu wa kartie, wanawake na watoto. Mu 2018 wakatoa matokeo ingine, ya Kasulo, kule Kolwezi. Ile Kasulo munaijua. Mu 2014 watu waligundua kobalti chini ya nyumba zao, na wakaanza kuchimba mu lupango, mpaka ndani ya nyumba. Wengine walitoboa sima ya saloni, wakashuka. Mutu analala, anakula, na shimo iko pembeni ya kitanda. Vumbi ya mu nyumba zile ilikuwa na kobalti, na watoto njo walikuwa wamejaa zaidi kuliko wakubwa.

Kwa hiyo swali la rangi gani na kitambaa gani, kwetu haliko swali la urembo peke yake. Ukuta wa kukwaruza, kapeti ya manyoya, rido ya veluru, vyote vinakamata vumbi na kuitunza sawa banki inavyotunza feza. Ukuta uliopakwa rangi ya mafuta kutoka chini mpaka kiuno, unaupanguza na kitambaa ya maji na imekwisha. Juu ya kiuno, tia rangi ya maji nyeupe, ni ya bei ya chini. Munaona, ni ile ile namna ya zamani ya masomo na ya hospitali zetu: chini giza, juu nyeupe. Tulikuwa tunaicheka, kumbe ilikuwa na akili. Sima ya chini iwe laini. Bamama, tafazali, musifagie kavu wakati wa vumbi, kuanzia mwezi wa tano mpaka mvua irudi: mwagia maji kidogo kwanza, ama panguza. Na sisi wababa, nguo za kazi na viatu vibakie inje. Tusiingie navyo mu saloni ili majirani waone tuko na kazi. Kama rangi ya zamani inabambuka ku ukuta, usiikwangue kavu mbele ya watoto, juu rangi nyingi za zamani zilikuwa na plombi ndani, na watoto wanatia vipande mu kinywa.

Mutu atauliza: basi nyumba yetu ibakie sawa dispansere? Hapana. Bulongo yetu iko na rangi. Ku Makwacha, kijiji mu pembeni ya Lubumbashi, bamama wanapaka kuta za nyumba na bulongo wanazochimba wao wenyewe: pemba nyeupe, ingine nyekundu, ya manjano, nyeusi. Wanachora na mikono, na mvua ikiharibu, wanarudilia. Hakuna hata franga moja inayoenda ku duka. Tulienda kuangalia, na tulisikia haya kidogo, sisi wa muji wenye kununua karatasi za maua kutoka mbali ili tubandike juu ya matofari.

Shaba pia. Wazee walikuwa wanatundika ku saloni sahani ya shaba iliyopigwa nyundo, na tembo ama mama anayetwanga. Zile sahani zimelala mu malo nyingi, nyeusi. Twaa ndimu na chumvi, sugua, suuza, kausha. Itundike mbele ya dirisha, si pembeni yake: saa kumi ya mangaribi jua linapoingia, saloni yote inapata rangi ya moto. Na malachite: kule Saint Petersburg, Urusi, nyumba ya mufalme iko na chumba kizima cha malachite, kiliyotengenezwa kisha moto ya 1837. Nguzo zinaonekana sawa jiwe moja, lakini ni vipande vyembamba vilivyobandikwa juu ya jiwe ya kawaida. Hata mufalme alipunguza matumizi! Kipande kimoja ku meza yako kinatosha. Lakini vijana wetu wanaoikata, waikate na maji na wafunike pua, juu vumbi yake ni shaba mu mapafu.

Tena kuko mapicha. Miaka ya 1970, mu saloni za wafanyakazi wa hapa hapa, mulikuwa mamba muntu na kichanuo chake na nyoka, mulikuwa picha za Colonie belge na fimbo. Tshibumba Kanda Matulu alikuwa anauzisha kazi yake kwa watu wa namna yetu, mulango kwa mulango, kabla ya watu wa mbali kuandika vitabu juu yake. Mgeni akiingia, picha ilikuwa inaanzisha masimulizi. Leo ku ukuta wetu tumetia televizio peke yake, na mgeni ananyamaza.

Tumerudi ku Katuba yenga iliyopita. Mwenzetu hawezi kurudisha plafoni ku duka, na hatukumuomba. Mama amekwisha kuondoa rido moja na kuihamisha mu chumba cha kulala, divani imesogea ku ukuta wa nyuma. Siku ya posho tutaenda watu sita na chokaa, sima kidogo na burushi tatu tulizoazima. Ule ukuta mwekundu utaomba kupakwa mara tatu.

Na mu karatasi ile tunayotayarisha kwa mazungumzo na wakubwa wa kazi, tumeongeza mistari mbili chini ya feza ya nyumba: bafu na pahali pa kubadilisha nguo ku kazi, ili vumbi isifike ku nyumba, na dirisha la pili mu kila nyumba yenye kampuni inatoa. Kama muko na la tatu, mulete ku biro mbele ya mwisho wa mwezi.