Kusikia, Kunukia na Kunuka: Lugha ya Mgonjwa katika Utengamao Baada ya UVIKO-19

Kupona UVIKO-19 si lazima kuwe mwisho wa maradhi. Mwezi Oktoba 2021, Shirika la Afya Duniani lilifasili hali inayofuata maambukizi hayo kwa kurejelea dalili ambazo kwa kawaida hubainika miezi 3 tangu ugonjwa uanze na kudumu kwa angalau miezi 2, pasipo maelezo ya ugonjwa mwingine. Makala haya yanafafanua utengamao wa upumuaji na wa hisi ya kunusa, na yanashikilia kwamba lugha ya mgonjwa ni nyenzo ya uchunguzi.

Kuhusu upumuaji, mtaalamu wa tiba ya viungo humfundisha mgonjwa kupumua kwa kutumia kiwambo na kutoa pumzi polepole kupitia midomo iliyobanwa. Mazoezi ya mwili huongezwa hatua kwa hatua. Hata hivyo, mgonjwa ambaye dalili zake huzidi saa au siku kadhaa baada ya kujitahidi hapaswi kulazimishwa. Humfaa zaidi kugawa nguvu zake na kupumzika kabla ya kuchoka.

Hisi ya kunusa nayo ina mazoezi yake. Virusi hushambulia hasa seli zinazotegemeza neva za kunusa kuliko neva zenyewe, na tishu hiyo ina uwezo wa kujijenga upya. Mwaka 2009, yaani kabla ya UVIKO-19, Thomas Hummel na wenzake wa Dresden, Ujerumani, walieleza mazoezi ya harufu 4: waridi, mkaratusi, limau na karafuu. Mgonjwa hunusa kila harufu kwa takribani sekunde 10, asubuhi na jioni, kwa wiki 12. Si wote wanaopata nafuu, lakini mazoezi haya ni rahisi na hayana madhara makubwa. Aidha, kwa wakazi wa Unguja na Pemba, karafuu na marashi ya waridi ni harufu zenye kumbukumbu tayari.

Ugumu huanzia kwenye mahojiano. Katika Kiswahili, kitenzi *kusikia* hubeba sauti na harufu pia, swali "Unasikia?" halitoshi. Hata "Unasikia harufu?" hujibiwa "ndiyo" na mgonjwa wa parosmia, ambaye husikia harufu iliyopotoka. Hapa ndipo jozi ya *kunukia* na *kunuka* inapofaa. Mgonjwa akisema, "Kahawa hainukii," huenda hisi imefifia. Akisema, "Kahawa inanuka," huenda imepotoka.

Tofauti hiyo si ya kisarufi tu. Aliyepoteza hisi anahitaji tahadhari dhidi ya gesi inayovuja, moshi na chakula kilichoharibika. Mwenye parosmia huweza kukichukia chakula na kukonda, hivyo anahitaji ushauri wa lishe. Kwa mantiki hiyo, dodoso lililotafsiriwa kwa neno moja tu la *harufu* litawaweka wagonjwa hawa wawili katika kundi moja, na mmojawao atakosa huduma inayomstahili.