Shilingi 40 Zinazomrudisha Mama Nyumbani Mikono Mitupu

Malaria humdhuru mjamzito kwa namna ya pekee. Vimelea hujificha kwenye kondo la nyuma, damu ya mama hupungua, na mtoto huzaliwa na uzito mdogo, hali inayohatarisha uhai wake tangu siku ya kwanza. Chandarua chenye dawa hupunguza hatari hiyo kwa gharama ndogo. Ubishi ulikuwa juu ya jambo moja: mama akipate bure, au achangie?

Waliotaka achangie walikuwa na hoja inayoeleweka. Mtu hathamini cha bure, walisema. Atakifungia kabatini au kukigeuza wavu wa samaki. Akitoa hata fedha kidogo, anayekihitaji kweli atajitokeza na ruzuku haitapotea. Tanzania ilianza mwaka 2004 kuwapa wajawazito hati punguzo, nao wakaongezea fedha zao dukani. Nchini Kenya, kliniki za wajawazito ziliuza chandarua chenye ruzuku kwa shilingi 50.

Wachumi Jessica Cohen na Pascaline Dupas waliipima hoja hiyo katika kliniki 20 za Kenya na kuchapisha matokeo mwaka 2010. Bei ilipangwa kwa bahati nasibu: kliniki nyingine zilitoa chandarua bure, nyingine zikakiuza kwa bei mbalimbali zisizozidi shilingi 40. Kwa kuwa kura ndiyo iliyoamua, tofauti iliyoonekana kati ya kliniki ingeweza kuhusishwa na bei yenyewe.

Bei ilipopanda kutoka sifuri hadi shilingi 40, idadi ya waliochukua chandarua ilipungua kwa akina mama 60 katika kila 100. Na hiyo ilikuwa bei iliyoshushwa kwa asilimia 90, chini ya ile ya kawaida katika kliniki.

Je, waliolipa ndio waliokuwa wagonjwa zaidi? Watafiti walipima upungufu wa damu na hawakuona dalili hiyo. Je, waliopewa bure waliviacha bila kuvitumia? La, walivitumia sawa na walionunua. Ada haikumchuja asiyehitaji. Huenda ilimchuja asiye na shilingi mkononi siku ile.

Si vigumu kuona kwa nini. Faida ya chandarua ni homa ambayo haikutokea, na haionekani. Gharama inadaiwa leo, kwa mama ambaye huenda ametoa nauli na ambaye mara nyingi si mshika fedha wa nyumba.

Kuna sababu nyingine ya kiuchumi ya kugawa bure. Katika eneo la Asembo, magharibi mwa Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa watoto wa kaya zisizo na vyandarua walinufaika pia, iwapo waliishi ndani ya mita 300 kutoka kaya zenye vyandarua. Dawa huua mbu, na mbu aliyekufa hamuumi jirani. Mnunuzi haweki faida ya jirani katika hesabu yake. Serikali inapaswa kuiweka. Ndiyo maana Cohen na Dupas walihitimisha kuwa kugawa bure kungeokoa maisha mengi zaidi, na huenda kila uhai ukaokolewa kwa gharama ndogo kuliko kwa kuuza.

Hata hofu kwamba cha bure humzoesha mtu kupokea tu haikuthibitika. Dupas alifuatilia kaya za Kenya zilizopata chandarua kwa ruzuku kubwa, akakuta zilikuwa tayari zaidi kununua kingine baadaye. Zilikuwa zimekitumia na kujua faida yake.

Tangu mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani limehimiza vyandarua vigawiwe bure au kwa ruzuku kubwa. Hata hivyo, bure ya mgonjwa ni deni la bajeti. Serikali inayofuta ada bila kupeleka fedha vituoni humwachia mama rafu tupu, na rafu tupu humfukuza kama bei ilivyomfukuza. Kwa hiyo, kila ada inapopendekezwa katika huduma za mama na mtoto, tusiridhike na hesabu ya fedha zitakazokusanywa. Tudai pia hesabu ya akina mama watakaoondoka bila huduma, kabla ada haijapitishwa.